Karabai isiyowashwa: kisa cha picha ya mama wa dagaa

Mteja alikuwa mama wa miaka 60, mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Watoto wake walitaka picha moja tu ya sebuleni, ya wima, sentimita 60 kwa 90, iliyochapwa kwenye kanvasi. Wazo lilikuwa lao: mama ndani ya mtumbwi, usiku, karabai ubavuni, dagaa miguuni. Studio ilikuwa fremu ya duka huko Nyakato, mita 4 kwa 6, siling bodi nyeupe mita 2.7 kutoka sakafuni, kuta za kijani hafifu. Picha ilipigwa mara mbili, na ya kwanza ilirudishwa.

Seti ya kwanza

Hakuna aliyefanya kazi kwa uvivu. Kipande cha mbele cha mtumbwi chakavu, mita 1.8, kilikatwa kwa msumeno na kuinuliwa juu ya tofali. Pembeni palijengwa mwamba wa kuigiza ule wa Bismarck, ulio ziwani hapo Mwanza: karatasi za mifuko 14 ya saruji, zikafinyangwa, zikagandishwa kwa gundi ya unga wa ngano juu ya kiunzi cha mbao, zikapakwa chokaa iliyochanganywa na masizi. Mwamba huo ndio uliokuwa kitu bora chumbani, na haukupewa mwanga unaoustahili. Sakafuni ilitandazwa nailoni nyeusi ya kujengea iwe ziwa. Nyuma likatundikwa pazia la kuchorwa, lenye anga la buluu, mstari wa maji na mwezi mpevu. Karabai ilikuwa ya kweli, ikawashwa kwa mafuta ya taa.

Softiboksi mbili (maboksi ya kitambaa ya kulainisha mwanga wa flashi) za sentimita 60 kwa 90 ziliwekwa kushoto na kulia, kila moja mita 2.5 kutoka kwa mama, nguvu sawasawa. Flashi ya tatu ilielekezwa kwenye pazia, ambalo lilikuwa mita 1 tu nyuma yake. Kamera ilisimama kwenye tripodi kwa urefu wa mita 1.5: shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 1/160, tundu la lenzi f/8, wepesi wa kamera kuhisi mwanga ISO 100.

Picha ilitoka kali na safi. Watoto wakasema inafanana na igizo la shule, wala hawakuweza kueleza zaidi ya hapo. Mama mwenyewe alicheka alipoona mwezi.

Mwezi

Kicheko hicho kilikuwa na maana, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote halikuhusu kamera. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima linang'aa, taa ya mvuvi haina tena cha kuwavutia dagaa, na mitumbwi mingi hupumzika ufukweni hadi mwezi upungue. Mtu yeyote wa Mwaloni anayeona karabai chini ya mwezi mpevu anajua kuwa aliyepanga picha hajui kazi hiyo. Isitoshe, mama huyu hajawahi kwenda kuvua. Kazi yake huanza alfajiri, mitumbwi inaporudi na wanunuzi wanaingia majini kuipokea.

Kwa hiyo marekebisho yalianza kwenye saa. Picha ilihamishwa kutoka usiku wa manane hadi alfajiri: mtumbwi umeshafika kwenye maji mafupi, karabai bado inawaka, mama ameketi ukingoni miguu ikiwa majini, na kwa mbali taa za mitumbwi inayorudi zimejipanga kama mji. Uamuzi huo mmoja ulijibu maswali ambayo vifaa vipya visingeyajibu. Rangi ya chungwa inatoka wapi? Kwenye karabai. Buluu je? Kwenye anga linaloanza kupambazuka. Mwanga mwembamba unaopita begani kutoka nyuma? Kwenye taa ya mtumbwi wa pili, usioonekana. Katika picha ya seti kila mwanga uwe na kwao. Usio na kwao macho huushtukia hata kama mwenye macho hajui jina la kosa.

Kwa nini karabai ilionekana imezimika

Katika picha ya kwanza karabai ilikuwa inawaka kwelikweli, lakini ilionekana kama kopo lenye doa jeupe. Sababu ni hesabu. Flashi humaliza kazi yake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo kasi ya shata haiigusi ilimradi usivuke kikomo cha kamera, ambacho kwa nyingi ni 1/200 au 1/250. Taa inayowaka mfululizo hutegemea shata, tundu na ISO kwa pamoja. Kwa 1/160, f/8 na ISO 100 karabai ilinyimwa nafasi kabisa, na flashi zikatawala chumba.

Mara ya pili vipimo vilikuwa 1/60, f/4, ISO 400. Zidisha mwenyewe: shata imeongeza mwanga wa taa karibu mara 2.7, tundu mara 4, ISO mara 4. Jumla ni karibu mara 43. Flashi yenyewe imeongezeka mara 16 tu, kwa tundu na ISO, na ongezeko hilo hufutwa kwa kuishusha nguvu: iliyokuwa nusu inakuwa 1/32. Hapo flashi za bei nafuu hukwama, maana nyingine haziwezi kushuka chini ya 1/16. Dawa yake ni kuirudisha nyuma au kuongeza kitambaa cha pili ndani ya softiboksi.

Karabai ya mafuta haikuwashwa tena. Chumba kilichofungwa, kaniki ukutani, nailoni sakafuni na moto wazi ni mambo yasiyokaa pamoja, na hewa yenye sumu ya moto wa mafuta ya taa haina harufu ya kukuonya. Ndani ya karabai ilifungwa balbu ya gari ya volti 12, wati 21, ile ya taa ya breki, ikalishwa na betri ya pikipiki ya Ah 7 iliyofichwa ndani ya mtumbwi. Betri nzima hutosha saa tatu na zaidi kidogo. Kioo cha karabai kilisuguliwa kwa msasa laini upande wa ndani ili waya wa balbu usionekane. Bila hivyo unapata nukta kali badala ya kioo kinachong'aa chote.

Balbu hiyo haiwezi kumulika uso. Kwa umbali wa sentimita 80 na vipimo vile, mwanga wake usoni uko chini ya unaotakiwa kwa stopu tatu na zaidi, na kila stopu moja ni nusu ya mwanga. Ungetaka ifanye kazi yote peke yake ungeshusha shata hadi karibu 1/5, na hakuna mtu wa miaka 60 anayeketi ukingoni mwa mtumbwi bila kutikisika kwa muda huo. Lakini ubao ulio sentimita 20 kutoka kwenye taa unapata mwanga mwingi, na ule mng'ao wa karibu ndio unaomshawishi mtazamaji kwamba taa inawaka. Uso huachiwa flashi inayojifanya karabai.

Flashi inayojifanya karabai

Karabai ilitundikwa kwenye mti kushoto, sentimita 55 kutoka usoni kwa upande, ndani ya picha. Flashi kuu iliwekwa mstari uleule, nje kidogo ya picha, mita 1.1 kutoka shavuni, ndani ya softiboksi ya sentimita 40 yenye vitambaa viwili na gridi, yaani wavu wa kubana mwanga usisambae. Taa halisi ni ndogo na vivuli vyake ni vikali. Softiboksi ndogo ni suluhu kati ya ukweli huo na uso wa mtu mzima ambao hauna haja ya kuonyeshwa kila mkunjo. Juu yake ilibandikwa jeli nzima ya rangi ya chungwa, yaani plastiki angavu yenye rangi ya ukali kamili, inayoshusha mwanga wa flashi kutoka takriban kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,500 hadi karibu 3,000, jirani kabisa na balbu ya gari. Jeli hiyo hula karibu stopu moja, kwa hiyo pima ukiwa umeshaibandika.

Waiti balansi, mpangilio unaoiambia kamera mwanga upi uhesabiwe mweupe, ilifungwa kelvini 4,000, isiachwe kwenye oto. Hapo chungwa linabaki chungwa bila kuwa kama juisi, na flashi yoyote isiyo na jeli inageuka buluu yenyewe. Alfajiri ilipatikana bila kununua jeli ya buluu.

Jaribio la kwanza la mpango huu lilijisaliti: flashi ilikuwa kimo sawa na karabai, nyuma yake, na kivuli cha karabai kikaangukia bega la mama. Taa haiwezi kutupa kivuli chake yenyewe kwenye kitu inachokimulika. Flashi iliinuliwa sentimita 30 zaidi, kivuli kikashukia majini, na kipande cha kadibodi nyeusi kikafungwa kwenye stendi kuzuia mwanga usiiguse karabai kabisa.

Umbali wa karibu ulitatua na tatizo la pazia. Mwanzoni softiboksi zilikuwa mita 2.5 kutoka kwa mama na mita 3.5 kutoka kwenye pazia. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo pazia lilikosa stopu moja tu, likaonekana ni kitambaa chenye kivuli cha mtumbwi juu ya mwezi. Sasa flashi iko mita 1.1 kutoka usoni na zaidi ya mita 2.5 kutoka nyuma, tofauti ya stopu mbili na nusu kabla hata ya kuhesabu gridi.

Flashi tatu nyingine hazihitaji maelezo mengi. Mwavuli mkubwa mlangoni, nyuma na juu ya kamera, bila jeli, stopu mbili na nusu chini ya flashi kuu: hiyo ndiyo anga. Kulia kwa nyuma, mita 1.6 kutoka kwa mama na kimo cha mita 1, flashi yenye jeli nzima na gridi nyembamba, stopu moja na nusu chini, ikatenganisha kilemba na giza. Ya mwisho ililala sakafuni nyuma ya mtumbwi, bila jeli, ikipaka buluu nyembamba chini ya pazia. Kila moja ilipigiwa picha ya peke yake, nyingine zote zikiwa zimezimwa, kwa mpangilio huu: karabai tupu kwanza, kisha flashi kuu, kisha anga, kisha nyuma. Ukiziwasha zote kwa mara moja hutajua ipi inakuharibia.

Maji na mstari wa mbali

Nailoni kavu haiwi maji. Ikimulikwa kutoka mbele huonyesha mikunjo, basi. Palijengwa sinia ya mbao za mbili kwa nne zilizolazwa, mita 2 kwa 2, ikatandikwa nailoni ileile, ikamiminwa maji ya kina cha sentimita 2. Hiyo ni lita 80, madumu manne. Kina zaidi ya hapo ni uzito na hatari bila faida, kwa sababu macho yanaona uso wa maji tu. Nailoni ikandamizwe kwa fagio laini kutoka katikati kwenda pembeni kabla ya kujaza, la sivyo hewa inabaki chini na kutokeza mapovu. Vumbi linaloelea huondolewa kwa kulaza gazeti zima juu ya maji na kulivuta taratibu.

Na kwa sababu mama angeweka miguu humo, hakuna umeme wa ukutani ulioingia eneo la seti. Flashi zote zilikuwa za betri, taa za mapambo za betri, stendi zote zikashikiliwa kwa mifuko ya mchanga. Hili halina mjadala.

Kamera ilishushwa hadi sentimita 60 na lenzi ya milimita 50 ikakaa mita 3 kutoka kwa mama, mpiga picha akichuchumaa mlangoni. Kuna kanuni moja ambayo wachoraji wengi wa mapazia ya studio wanaisahau: ukitazama ziwa, mstari ambapo maji hukutana na anga uko daima kwenye kimo cha macho yako. Kwenye seti maana yake ni kimo cha lenzi. Pazia la kwanza lilikuwa na mstari wake mita 1 kutoka sakafuni wakati kamera ilikuwa mita 1.5, kwa hiyo ziwa lilionekana kuinama na mtumbwi kuteleza. Hakuna aliyelitaja kosa hilo, lakini ndilo lililotoa ile hali ya jukwaa la shule.

Pazia jipya lilikuwa kaniki tupu, vipande vilivyoshonwa hadi upana wa mita 3, likawekwa mita 5.2 kutoka kwenye lenzi. Kaniki haing'ai kama satini na hunyonya mwanga vizuri. Iliyofifia kidogo ina ubuluu wa asili unaofaa alfajiri. Lilitobolewa matundu tisa ya milimita 2 hadi 3, kati ya kimo cha sentimita 58 na 66, bila mpangilio, na nyuma yake zikafungwa taa za mapambo za njano. Kwa f/4 kila tundu lilitoka kama kiduara laini cha milimita 2 hadi 3 kwenye kanvasi. Ukichora taa hizo kwa rangi hazitoi kitu, maana hazina mwanga wake wenyewe wa kuakisiwa majini. Za kweli zinaakisiwa: lenzi na taa zikiwa kimo kimoja, mwakisiko huangukia katikati ya umbali, yaani mita 2.6 kutoka kwenye kamera, ndani ya sinia iliyoanzia mita 1.5 na kuishia 3.5. Upande wenye mtumbwi mwakisiko umezibwa, kwa hiyo mtumbwi ulisogezwa kulia na kushoto kukaachwa wazi. Kamera ingebaki kwenye kimo cha mita 1.5, mwakisiko ungeangukia zaidi ya mita 3.5, nje ya sinia kabisa, na maji yangekuwa meusi tupu. Sakafu kati ya sinia na pazia ilifunikwa kaniki na kunyimwa mwanga.

Kuta za kijani nazo zilifunikwa, pamoja na siling bodi juu ya mama. Kijani hicho kilikuwa kimejipenyeza kwenye vivuli vya shingo katika picha ya kwanza, na mtu angeweza kuhangaika nacho kwenye kompyuta siku nzima bila kujua kinakotoka.

Mwamba wa mifuko ya saruji ulibaki, ila ulisukumwa nyuma kulia, ukaguswa ubavu tu na ile flashi ya nyuma. Ukimulikwa ubavuni karatasi inakuwa jiwe. Ukimulikwa usoni inarudi kuwa karatasi.

Ngozi, kilemba, dagaa

Eneo lenye giza nyingi hudanganya vipimo vya oto: kamera huona weusi, hudhani mwanga haujatosha, huongeza. Kila flashi iliwekwa kwa mkono na kupimwa kwa kadi ya kijivu iliyoshikwa mbele ya shavu. Hata hivyo palikuwa na mtego wa pili. Ngozi nyeusi chini ya mwanga wa chungwa hujaza chaneli nyekundu kabla ya nyingine, na histogramu ya jumla (grafu ya mwanga kwenye kamera) haionyeshi. Kwenye histogramu ya rangi tatu, nyekundu ilikuwa imegonga ukuta kwenye paji la uso. Flashi kuu ikashushwa theluthi mbili ya stopu. Ngozi ikatoka na kina chake, bila ile ngozi ya plastiki inayolaumiwa kwa mhariri.

Poda zenye silika zikatazwe siku ya flashi, kwani hurudisha mwanga na kuacha unga mweupe puani na chini ya macho. Uso ulikaushwa kwa tishu tu. Mikononi ilipakwa mafuta ya mgando kidogo, kwa sababu kwenye mkono mng'ao unaonyesha umbo. Kilemba cha satini cha mara ya kwanza kilibadilishwa na kitenge cha pamba. Satini ilikuwa inang'aa na kuvuta macho kutoka usoni.

Dagaa wakavu chini ya mwanga wa chungwa huonekana kama pumba. Walinunuliwa wabichi asubuhi ileile, nusu sado, wakakaa kwenye barafu hadi dakika za mwisho, kisha wakamwagwa juu ya beseni lililopinduliwa na kufunikwa kaniki iliyolowa, ili lundo lionekane kubwa. Fedha yao hufifia upesi, basi picha zenye dagaa zilipigwa kwanza.

Nyavu ya dagaa yenye matundu ya milimita 8 ilitundikwa ukingoni. Watoto walipotumiwa sampuli kwenye simu waliona mawimbi ya rangi juu yake na kuogopa. Kwenye faili kamili la pikseli 6,000 tundu moja lina pikseli zipatazo 22, halina shida. Sampuli ilipopunguzwa hadi pikseli 800 tundu likabaki na tatu, na hapo ndipo mawimbi huzaliwa. Sampuli za simu zipunguzwe makali kidogo kabla ya kutumwa, utaepuka simu nyingi.

Jioni ilipoingia wadudu wa ziwani walifuata taa kupitia mlango uliokuwa wazi, wakatua majini na kwenye kaniki iliyolowa. Chandarua kilichotundikwa mlangoni, nyuma ya mpiga picha, kilitosha.

Kuchapa

Pikseli 6,000 kwa sentimita 90 ni takriban 169 kwa inchi, zinatosha kwa picha inayotazamwa kutoka kwenye kochi. Tatizo lilikuwa giza. Kanvasi hunywa wino, na vivuli vilivyoonekana vizuri kwenye skrini vilitoka weusi mmoja. Kilichapwa kipande cha majaribio cha sentimita 20 chenye shavu la kivulini, ukingo wa mtumbwi na taa mbili za mbali. Weusi wa chini kabisa ukainuliwa kutoka 0 hadi 14 kati ya 255, kikachapwa tena, ndipo kope na mshono wa kitenge vikaonekana. Skrini ya kuhaririia iwe imepunguzwa mwangaza, vinginevyo utarudia kosa hilo kila picha ya usiku.

Kanvasi hukunjwa kwenye fremu ya mbao, na mkunjo ulikula sentimita 4 kila upande. Taa ya tisa, ya kushoto kabisa, ilikuwa imeangukia hapo. Faili liliongezwa ukingo wa kaniki tupu pande zote nne kabla ya kuchapwa mara ya mwisho, na taa zote tisa zikabaki mbele.